Shauri la Paja la Kushoto

Karani ameniuliza mara ya tatu:
"Wewe ndiye baba wa mtoto?"
Nikasema, mimi ni mjomba.
Akaweka kalamu chini.
Kwenye fomu yao hakuna mstari wa mjomba.

Kwetu Newala mtoto ni wa upande wa mama.
Akivunja chungu cha mtu, naitwa mimi.
Akienda jandoni, nampeleka mimi.
Leo nimepanda basi la alfajiri mpaka Mtwara
kudai mguu wake,
naambiwa si wangu kuudai.

Basi tukamleta Somoe, dada yangu.
Akachovya dole kwenye wino, akalibonyeza kwenye kiapo.
Likatoka doa,
jeusi, laini, kama mbaazi iliyoungulia chunguni.
"Rudia."
Akarudia. Doa.
Miaka kumi na moja anabangua korosho kwa kilo,
mafuta ya ganda yamekula mistari yote.
Karani akasema dole hili halina mtu.
Somoe akacheka kile kicheko chake cha puani:
"Andika basi ni la kiwanda."

Mfaume alikuwa na wiki kumi na nne.
Ilikuwa Jumanne, mizani imening'inia mlangoni pa zahanati.
Sindano paja la kushoto, kama watoto wote.
Wote walilia wakanyamaza.
Jioni paja likawaka.
Siku ya nne, jipu.
Siku ya tisa wakampasua hospitali ya misheni,
usaha ukajaa bakuli,
na mguu ukabaki pale
kama kitu ambacho mwenyewe amekisahau.

Sasa ana miaka minane. Kwenye chandimu wanampanga golini.
Anadaka vizuri, sisemi kwa kumhurumia.
Anadaka vizuri sana
upande wa kulia.

Daftari la mwaka ule, wakasema, lililowa mvua.
Kadi ya kliniki ilikuwa kwa Somoe,
ndani ya mfuko, ndani ya debe la makopa.
Panya walikula tarehe ya kurudi
wakauacha muhuri.
Mungu naye ana mawakili wake.

Wakili wetu aliniuliza tudai shilingi ngapi.
Nikajaribu kuhesabu kwa kilo za korosho,
nikafika gunia la arobaini, nikaona aibu,
nikamwambia aandike anachojua yeye.

Wakili wa serikali, kijana mpole, kola imepigwa pasi:
"Una uhakika gani kuwa ni sindano?
Hata homa hulemaza."
Nilikuwa nimeapa. Nikasema sina uhakika.
Wakili wetu akanikanyaga chini ya meza.

Ndipo akasimama mtu kwenye benchi la nyuma,
hakuitwa, hakuwa kwenye orodha:
Sista Anastazia Nnunduma, mstaafu,
pochi ameikumbatia kama mtoto.
"Nilichoma mimi.
Bomba lilikuwa kavu siku ya sita,
tulinawa maji ya ndoo moja, asubuhi nzima, watu wote.
Nilichoma watoto ishirini na wawili.
Huyu alilia tofauti.
Nikajiambia, ana hasira tu."

Hakimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
Akamwambia aketi, zamu yake itafika.
Shauri likaahirishwa hadi Novemba,
wakati wa mnada, wakati kila mtu yuko ghalani.

Ijumaa iliyofuata Hawetu, mdogo wake Mfaume,
alitimiza wiki kumi na nne.
Nilidhani Somoe ataipita zahanati kama haioni.
Alikaa kwenye foleni tangu saa moja.
Zamu yake ilipofika akalifunua paja, lile lile la kushoto,
akatazama kwanza ndoo, kisha sabuni,
kisha mikono ya yule muuguzi msichana.

"Choma, mwanangu. Surua na kifaduro sivitaki.
Ila taja. Jina lako. Namba ya chupa. Saa."

Mlangoni alikaa Mfaume,
mguu ameunyoosha kwenye saruji,
daftari la hesabu juu ya goti zima,
akiandika kwa herufi kubwa, ulimi nje:
NA MBA
akasimama, akauliza,
"Mama, ya chupa au yangu?"